Kukunja na Kukunjua: Mazoezi ya Utengamao kwa Manusura wa Moto wa Sachangwan

Utangulizi

Jioni ya Jumamosi, tarehe 31 Januari 2009, lori lililobeba petroli lilipinduka mahali paitwapo Sachangwan, eneo la Molo, katika barabara kuu itokayo Nakuru kuelekea Eldoret. Wakazi wa vijiji vya karibu pamoja na wapita njia walikusanyika kuteka mafuta yaliyokuwa yakimwagika. Petroli ikashika moto. Watu zaidi ya 100 walifariki, na wengine wengi wakapelekwa katika hospitali za Molo, Nakuru na Nairobi wakiwa na majeraha makubwa. Wakati huo taifa la Kenya lilikuwa lingali linaomboleza waliofariki katika moto wa duka la Nakumatt jijini Nairobi, uliotokea tarehe 28 ya mwezi uo huo.

Mengi yamekwisha kusemwa kuhusu waliopoteza maisha na kuhusu usalama wa barabara ile. Makala haya yanakusudia kuwaangalia walionusurika, na hasa jambo moja ambalo aghalabu husahaulika pindi mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani, nalo ni mazoezi ya kuurejeshea mwili uwezo wake. Hoja yetu ni kwamba kuokoa maisha ya aliyeungua ni nusu ya tiba. Nusu ya pili hufanywa nyumbani, siku baada ya siku, na mgonjwa mwenyewe, kwa kufuata maelekezo ambayo hana budi kuyaelewa barabara. Kwa sababu hiyo, lugha ya maelekezo hayo ni sehemu ya tiba, nasi wanafunzi wa Kiswahili hatuwezi kujitenga na suala hili.

Istilahi: urekebishaji au utengamao?

Kabla ya kuingia katika kiini cha mada, yafaa tukubaliane kuhusu neno. Nchini Kenya, huduma ya kumrejesha mgonjwa katika hali ya kujitegemea hutajwa mara nyingi kwa neno 'urekebishaji'. Kisarufi neno hili halina dosari. Dosari imo katika mazoea, kwani umma umelizoea likitajwa kuhusu wafungwa na watumiaji wa dawa za kulevya. Mtu aliyeungua akiambiwa kwamba anapelekwa kurekebishwa, hakosi kujiuliza amekosea wapi.

Wenzetu wa Tanzania hutumia istilahi 'huduma za utengamao' katika sekta ya afya. Kutengamaa ni kukaa sawa, kutulia, kuwa katika hali njema baada ya kuvurugika. Neno hili halimshutumu mtu, bali linaeleza hali anayoitafuta. Katika makala haya tutatumia 'utengamao' tukiwa na maana ya jumla ya huduma zote zinazomsaidia mgonjwa kurudia kazi, masomo na maisha yake ya kawaida. Mazoezi ni sehemu mojawapo ya huduma hizo, na kwa aliyeungua, ni sehemu iliyo kubwa.

Kovu halilali

Ngozi ya binadamu ina tabaka mbili kuu, la juu na la ndani. Moto ukiishia katika tabaka la juu, ngozi hujiponya yenyewe kwa muda wa siku chache. Ukipenya na kuliharibu tabaka la ndani, mwili hauwezi kuitengeneza ngozi ileile upya. Huziba pengo kwa kovu, au daktari hulazimika kuchuna ngozi kutoka sehemu nzima ya mwili na kuipandikiza palipoungua. Moto wa petroli ni hatari mno kwa jinsi hii, kwa kuwa mafuta hulowesha nguo na kuendelea kuwaka mwilini hata baada ya mtu kukimbia mbali na lori.

Katika kidonda kinachopona zimo seli zenye kazi ya kuivuta kingo moja ya kidonda iikaribie nyingine. Kazi hiyo ni njema kidonda kinapokuwa kidogo, kwani hufunga upesi. Lakini kidonda kipana kikiwa juu ya kiungo, kwa mfano mbele ya shingo, kwapani, ndani ya kiwiko, nyuma ya goti au kiganjani, mvuto huo hukivuta kiungo chenyewe. Kidevu huinama kifuani, mkono hubanwa ubavuni, vidole hukunjika. Kovu hunywea kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa vibaya juani, na kadiri linavyonywea ndivyo linavyokuwa gumu.

Mnyweo huo hauishi siku kidonda kinapofunga. Kovu huendelea kubadilika kwa muda wa mwaka mmoja hadi miwili kabla ya kukomaa na kutulia. Hapa ndipo penye kosa kubwa la uelewa. Jamaa wakiona hakuna tena usaha wala bandeji, husema mgonjwa amepona. Kumbe vuta nikuvute baina ya kovu na kiungo ndiyo kwanza imeanza, na hospitali iko mbali.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kwa kovu methali hiyo yageuka kidogo: hulinyooshwa lingali bichi. Likishakomaa, mazoezi peke yake hayatoshi kukifungua kiungo kilichofungika. Daktari wa upasuaji hana budi kulikata kovu na kupandikiza ngozi upya, kisha mazoezi yaanze tena kutoka mwanzo.

Mkao wa starehe na mkao wa tiba

Aliyeungua hupenda kujikunyata. Maumivu humfanya akunje viwiko na magoti, ainamishe kichwa na kubana mikono kifuani. Katika nyanda za juu za Molo, ambako baridi na ukungu si wageni, kujikunyata chini ya blanketi ni jambo la kawaida hata kwa mtu mzima wa afya. Kwa manusura wa moto, mkao huo wa starehe ndio mkao ambao kovu litamgandisha.

Kwa hivyo wataalamu wa tiba ya viungo huagiza mkao ulio kinyume chake. Aliyeungua shingo hulala bila mto, kichwa kikielekea nyuma kidogo. Aliyeungua kwapa huuweka mkono mbali na ubavu, ukiwa umenyooshwa upande hadi usawa wa bega. Kiwiko na goti hunyooshwa. Wayo husimamishwa usianguke mbele. Kiganja kina utaratibu wake: kifundo cha mkono huinuliwa kidogo, mizizi ya vidole hukunjwa, vidole vyenyewe hunyooshwa, na kidole gumba hutengwa na vingine. Ili mkao huo usipotee mgonjwa akiwa usingizini, hufungiwa banzi, yaani kipande kigumu cha plastiki, ubao au plasta kinachokishikilia kiungo.

Yapo pia mavazi maalumu yanayobana, ambayo huvaliwa takribani mchana na usiku kwa miezi mingi ili kovu lisifure. Mavazi hayo ni ghali, na mtoto anapokua hulazimu kushonwa mengine. Lakini mkao mwema, mafuta ya kulainisha ngozi, kulisugua kovu taratibu kwa vidole na kukinyoosha kiungo ni mambo yawezekanayo hata katika nyumba isiyo na kitu, mradi mwenye nyumba ameelezwa akaelewa.

Kauli tatu za mazoezi

Mwanafunzi wa mofolojia ya Kiswahili ataielewa tiba ya viungo kwa urahisi akiikumbuka minyambuliko ya vitenzi. Mazoezi ya aliyeungua hupitia hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni ile tunayoweza kuiita ya kutendwa. Mgonjwa hana nguvu, au hajitambui. Mtaalamu hukishika kiungo na kukipeleka polepole hadi mwisho wa mwendo wake, kisha kukirudisha. Iwapo ngozi imepandikizwa, kiungo hupumzishwa kwanza kwa siku chache, aghalabu tano hivi, ili ngozi mpya ishike. Hatua ya pili ni ya kusaidiwa. Mgonjwa huanza kukisogeza kiungo mwenyewe, na mtaalamu au jamaa humalizia pale nguvu zinapomwishia. Hatua ya tatu ni ya kutenda. Mgonjwa hujinyoosha mwenyewe, huinua uzito, hutembea, hupanda mlima.

Katika hatua zote kanuni ni moja: polepole, kwa kudumu, na mara nyingi kwa siku. Kiungo hunyooshwa hadi mgonjwa ahisi kuvutwa, kikashikiliwa hapo kwa muda wa nusu dakika au zaidi, kisha kikalegezwa. Kukivuta kwa ghafula hupasua kovu na kuleta kidonda kipya. Dawa ya maumivu ikiwepo, hunywewa mapema ili ifanye kazi kabla ya zoezi kuanza. Wengine huona nafuu wakifanya zoezi baada ya kuoga maji ya vuguvugu na kupaka mafuta, ngozi ikiwa imelainika.

Lugha yetu ina jozi ya vitenzi inayoubeba utaratibu huu wote: kukunja na kukunjua. Kiambishi cha kutendua, ambacho tumezoea kukieleza kwa mifano ya kufunga na kufungua au kuziba na kuzibua, ndicho kiini cha maelekezo ya tabibu. Kovu hukunja, zoezi hukunjua. Mgonjwa akiambiwa hivyo, hahitaji kufafanuliwa zaidi kwa nini anasumbuliwa kila asubuhi.

Shughuli za nyumbani nazo ni mazoezi zikielekezwa vyema. Kuanika nguo kwenye kamba iliyo juu hulifungua kwapa. Kumenya viazi, kusuka nywele na kufungua vifungo vya shati huvizoeza vidole. Kutembea katika miteremko ya Sachangwan hukunja na kukunjua magoti na vifundo vya miguu mara nyingi kuliko mashine yoyote.

Misuli, moyo na pumzi

Madhara ya moto hayaishii kwenye ngozi. Mtu akiungua sehemu kubwa ya mwili, mwili wake wote hubadilisha mwendo wa kazi. Moyo hupiga kwa kasi, joto hupanda, na mwili huanza kuitafuna misuli yake wenyewe ili kupata nishati na malighafi ya kuponya majeraha. Hali hiyo huweza kuendelea kwa mwaka mmoja, miwili au zaidi baada ya kuungua. Ukiongezea majuma ya kulala kitandani, mgonjwa hutoka hospitalini akiwa dhaifu kupita kiasi. Aliyevuta moshi hubakia na pumzi fupi.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mgonjwa wa aina hiyo apumzike tu. Utafiti ulionyesha vingine. Mwaka 2001, watafiti wa hospitali ya watoto ya Shriners mjini Galveston, jimbo la Texas, Marekani, walichapisha matokeo ya programu ya wiki 12 ya mazoezi ya kuinua uzito kwa watoto walioungua vibaya. Watoto walioshiriki walipata nguvu na misuli zaidi kuliko wenzao waliopewa huduma ya kawaida nyumbani. Tangu hapo, mazoezi ya nguvu na ya pumzi yamehesabiwa kuwa sehemu ya tiba ya majeraha makubwa ya moto, pamoja na chakula chenye protini ya kutosha, kwani misuli haijengwi kwa mazoezi matupu.

Jambo moja linahitaji hadhari. Ngozi iliyopandikizwa, na vilevile kovu pana, haitoi jasho sawasawa, hivyo mwili hushindwa kujipoza. Manusura anayefanya mazoezi mchana wa jua kali huweza kuzidiwa na joto upesi kuliko wengine. Afanye mazoezi asubuhi au jioni, anywe maji, na alifunike kovu lisichomwe na jua. Kwa upande huu, hali ya hewa ya nyanda za juu ni rafiki yake.

Mtoto aliyeungua hukua

Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 10 mwaka 2009 sasa ni mtu mzima aliyepita miaka 25. Tofauti yake na aliyeungua akiwa mtu mzima ni hii: mifupa yake iliendelea kurefuka, lakini kovu halikui kama ngozi. Kiungo kilichokuwa kimenyooka akiwa na miaka 10 huweza kufungika tena akiwa na miaka 14, pasipo moto mwingine wala uzembe wa mtu. Kwa hivyo mtoto huhitaji kuchunguzwa na kufanyishwa mazoezi, na pengine kupasuliwa upya, hadi mwili ukamilishe kukua. Familia isiyoambiwa hivyo mapema hudhani tiba ya kwanza iliharibika, au huyachukua yaliyotokea kuwa kudura na kuacha.

Somo hili halihusu moto pekee. Watu wazima waliopona saratani utotoni hukabiliwa na hali inayofanana nalo. Afrika Mashariki ina historia yake katika jambo hili, kwani ni katika hospitali ya Mulago, Kampala, ambako daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 saratani ya watoto inayoitwa kwa jina lake, na katika miaka ya 1960 ikathibitika kwamba dawa zaweza kuitibu. Lakini baadhi ya dawa za saratani hudhoofisha misuli ya moyo, na madhara hayo huweza kujitokeza miaka mingi baadaye. Wataalamu siku hizi huwashauri manusura hao wachunguzwe moyo na wafanye mazoezi ya kiasi maishani mwao mwote. Kwa aliyeungua na kwa aliyeugua saratani, mwili huyabeba madhara ya utotoni hadi utu uzima, na mazoezi ni mojawapo ya njia za kuyapunguza.

Kuna mahali ambapo magonjwa haya mawili hukutana. Kovu la zamani la moto ambalo hupasuka mara kwa mara na kutoa kidonda kisichofunga huweza, baada ya miongo kadhaa, kugeuka saratani ya ngozi. Hali hiyo huitwa kidonda cha Marjolin, kwa jina la daktari wa Ufaransa. Haiwapati wengi, lakini kila manusura apaswa kujua kwamba kidonda kipya kisichopona juu ya kovu la kale si cha kupuuzwa. Ni cha kupelekwa kwa daktari.

Aibu kama kizuizi cha tiba

Tumetaja kwamba mgonjwa hujikunyata kwa maumivu na kwa baridi. Ipo sababu ya tatu, nayo ni aibu. Baada ya mikasa ya malori ya mafuta, kauli husikika kwamba walioungua walijitakia, kwamba walikwenda kuiba. Kauli hizo zilisikika baada ya Sachangwan, na mikasa ya namna hiyo imeendelea kutokea katika eneo letu: Sange, mashariki mwa Kongo, Julai 2010; Morogoro, Tanzania, Agosti 2019; na Gem, kaunti ya Siaya, Julai 2021. Si nia yetu kuhukumu uamuzi wa mtu mwenye debe mkononi na petroli miguuni pake. Twalisema hili kwa sababu ya athari yake kitabibu. Mwenye kovu usoni au mikononi anayeitwa mwizi hujifungia ndani. Ajifungiaye ndani hatembei, hachoti maji, haendi kliniki, hafanyi mazoezi mbele ya watu. Hivyo neno baya humkunja mtu sawa na kovu.

Hapa pana suala la msamiati pia. Vyombo vya habari huwaita walioungua 'wahanga', neno ambalo wapo wanaolipinga wakisema kwamba mhanga ni mwenye kujitoa kafara. Wengine husema 'waathiriwa', yaani waliofikwa na athari. Maneno hayo mawili humwonyesha mtu akiwa ametendwa tu. 'Manusura' linatokana na kitenzi 'nusuru', yaani kuokoa. Linamtaja mtu kwa lile lililobaki, wala si kwa lile lililopotea. Kwa mtu atakiwaye kuamka kila siku na kujinyoosha kwa maumivu, tofauti hiyo si ndogo.

Hitimisho: wajibu wetu

Tumeeleza kwamba kovu la moto huendelea kunywea kwa miezi mingi baada ya kidonda kufunga. Kwamba mkao na mazoezi ndiyo yanayoamua iwapo kiungo kitabaki wazi. Kwamba misuli na pumzi huhitaji kujengwa upya. Na kwamba mtoto aliyeungua huhitaji uangalizi hadi ukubwani. Maarifa haya yapo. Wataalamu wa tiba ya viungo hufunzwa humu nchini. Kinachokatika njiani ni mawasiliano kati ya wodi na nyumba.

Molo ni eneo la watu wa jamii na lugha nyingi. Muuguzi, mtaalamu na mgonjwa huenda kila mmoja ana lugha yake ya mama, na inayowakutanisha ni Kiswahili. Hata hivyo, mtaalamu amesomea kazi yake kwa Kiingereza, na istilahi alizonazo ni za Kiingereza. Akitaka kumweleza mama mkao wa kumlaza mwanawe, huishia kuonyesha kwa mikono na kusema 'hivi, hivi'. Mama akifika nyumbani, 'hivi' imekwisha kumtoka.

Chama cha Kiswahili kinaweza kufanya kazi isiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, kukusanya msamiati wa viungo, miendo na mikao ya mwili kutoka kwa wataalamu na wagonjwa wenyewe, na kuusawazisha. Pili, kuandika maelekezo mafupi kwa sentensi za amri zilizo wazi, zenye idadi na wakati: 'Nyoosha kiwiko. Kishikilie hadi uhesabu 30. Legeza. Rudia mara 10, asubuhi, mchana na jioni.' Tatu, kuyapeleka maelekezo hayo kwa wanafunzi wa tiba wayakosoe kabla hayajamfikia mgonjwa, kwani Kiswahili fasaha chenye tiba mbovu ni hatari kuliko kimya. Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, karibu na Molo, na kitivo chake cha sayansi za afya kiko Nakuru mjini. Hakuna umbali wa kutuzuia.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wapo manusura ambao makovu yao yamekomaa na viungo vyao vimefungika. Hao nao wasikatiwe tamaa, kwa maana upasuaji upo, na misuli huitikia mazoezi hata baada ya miaka. Lakini kwa atakayeungua kesho, katika barabara hii au nyingine, laiti atakapotoka wodini awe na karatasi moja mkononi, iliyoandikwa kwa lugha anayoielewa, ikimwambia nini akunjue, vipi, na mara ngapi.